Mnara wa Maji Usiojengwa

Wahenga walinena kwamba maji hayapandi mlima. Mnara wa maji ndio jibu la binadamu kwa methali hiyo: pampu huyapandisha maji hadi juu, kisha hushuka yenyewe kwa nguvu. Neno mnara tumelipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni nuru; bomba tumelipata kwa Wareno.

Katika Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, stesheni hazikuweza kukosa matangi ya maji, kwa kuwa injini za mvuke zilikuwa na kiu. Makambako ilipata reli yake baadaye. TAZARA, yenye kilometa 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, nayo ilianza na injini za dizeli. Treni ilipita Makambako bila kuomba maji.

Lakini watu waliyahitaji. Mwaka 1971 TANU iliahidi kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji angepata maji ndani ya mita 400. Kwa ahadi hiyo nyanda za Njombe hazikuhitaji minara mingi, maana mlima wenyewe ni mnara. Mradi wa Wanging'ombe, uliosaidiwa na UNICEF, uliteremsha maji ya Kipengere hadi vijiji vya tambarare bila pampu. Mafundi waliyaita maji ya mserereko, nami sijapata istilahi tamu kuliko hiyo.

Mwaka 1991 ulipita, na ndoo nyingi zilikuwa bado vichwani. Mnara wa saruji ukipasuka, kila mpita njia huuona. Chemchemi ikikauka kwa kuzungukwa na milingoti, nani hushtuka? Sheria ya Mazingira ya 2004 inazilinda mita 60 kandokando ya chanzo cha maji, lakini mtu hukilinda kile anachokijua kwa jina.

Nilipokuwa nikifundisha, wanafunzi wangu walizitaja chemchemi za kwao kwa majina ya Kibena, kwa kuwa walichota huko kila alfajiri. Wadogo zao wanajua bomba tu. Hatuombi warudie ndoo. Ila ninyi malenga mnaoishi huku, waulizeni bibi zenu majina hayo kabla hawajatutoka, myaandike, myatungie. Hayo ndiyo matofali ya mnara wetu.