Mikoko ya Dubai: Hazina iliyo chini ya majani

Mwisho wa hori ya Dubai, majengo marefu yakionekana kwa mbali, ipo hifadhi ya Ras Al Khor, maarufu kwa ndege aina ya heroe.

Mwaka 2007 hifadhi hiyo iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Miti ya msitu wake wa mikoko ni michu, ambayo kwa jina la kitaalamu ni Avicennia marina. Mti huo huo huota Lamu, Gazi, Chwaka na katika delta ya Rufiji.

Jani linapoanguka

Mchu hauna msimu wa kubaki mtupu. Hupukutisha majani kidogo kidogo mwaka mzima.

Baadhi huchukuliwa na maji yanapokupwa. Yanayobaki hukatwakatwa na kaa, ambao huyavuta hadi mashimoni mwao. Kisha bakteria na kuvu huyaozesha. Virutubisho hurejea mizizini, au huwa chakula cha viumbe wadogo wanaoliwa na samaki na ndege.

Majani ya mchu huoza upesi kuliko ya mkoko wa Rhizophora, kwani yana tanini kidogo.

Kaboni matopeni

Chini ya tabaka la juu, matope hayana oksijeni. Ndiyo maana hunuka kama yai viza. Humo mabaki ya majani na mizizi huoza polepole mno, na kaboni yake yaweza kukaa kwa karne nyingi.

Kwa sababu ya ukame, mikoko ya Ghuba kwa kawaida huhifadhi kaboni kidogo kuliko ile ya nchi zenye mvua na mito mikubwa.

Zamani Ghuba iliutazama mkoko kama mbao. Majahazi yalileta boriti kutoka Lamu na Rufiji za kuezekea nyumba. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti zake kwenda nje.

Mwaka 2021 Umoja wa Falme za Kiarabu uliahidi kupanda mikoko milioni 100 ifikapo mwaka 2030.

Hata hivyo, miche michanga haiwezi kufidia upesi msitu mkongwe uliofyekwa. Matope yakichimbuliwa na kupata hewa, mabaki ya kale huanza kuoza, na kaboni iliyofungiwa humo hurudi angani kama hewa ya ukaa.