Taarifa za mahali

Taarifa za mahali (pia: data za mahali) ni kumbukumbu zinazoonyesha mtu au kifaa chake kilikuwa wapi na saa ngapi. Siku hizi nyingi hutokana na simu ya mkononi. Kwa kuwa zinaweza kufichua makazi, kazi, ibada na matibabu ya mtu, nchi mbalimbali zina sheria za kudhibiti ukusanyaji na uuzaji wake. Nchini Tanzania sheria kuu inayohusika ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Jinsi zinavyopatikana

Simu iliyowashwa huwasiliana na minara iliyo karibu hata kama mwenyewe hapigi simu. Kwa njia hiyo kampuni ya simu hujua laini iko katika eneo la mnara gani. Simu janja hutumia pia mfumo wa GPS, ambao huonyesha mahali kwa usahihi wa mita chache, na programu zilizopewa ruhusa huweza kusoma taarifa hizo.

Mfano ni mji wa Mikumi katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Mji huo uko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa inayopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hapo hutokea njia ya kaskazini kwenda Kilosa na ya kusini kwenda Kidatu na Ifakara. Simu ya abiria ikihama kutoka mnara mmoja hadi mwingine, kumbukumbu zake huonyesha alielekea upande gani. Vijijini, ambako mnara mmoja huhudumia eneo kubwa, kumbukumbu za mnara si sahihi sana. Lakini GPS haitegemei minara hiyo.

Biashara ya taarifa za mahali

Baadhi ya programu za bure hujipatia fedha kwa kuuza taarifa za mahali za watumiaji wake. Wanunuzi ni madalali wa data, ambao huzikusanya kutoka vyanzo vingi na kuziuza tena kwa watangazaji, wawekezaji na hata vyombo vya serikali. Mara nyingi mwenye simu amebonyeza "nakubali" bila kujua kwamba taarifa zake zitafika huko.

Kuondoa majina

Wauzaji wengi hueleza kwamba taarifa zao hazina majina. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 juu ya watumiaji wa simu milioni 1.5 ulionyesha kuwa nukta nne tu za mahali na wakati zilitosha kutofautisha asilimia 95 ya watu hao na wengine wote. Katika mji mdogo kazi hiyo ni rahisi zaidi. Simu inayolala kila usiku katika nyumba fulani ya Mikumi na kushinda kila siku ya kazi katika shule fulani ya Kilosa haihitaji jina: majirani watamtambua mwenyewe. Ikionekana pia kliniki kila mwezi, siri ya afya yake imefichuka.

Sheria nchini Tanzania

Ibara ya 16 ya Katiba inatambua haki ya faragha. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inawataka watoa huduma kutunza siri za wateja wao. Umuhimu wa wajibu huo uliongezeka baada ya usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao muda wake wa mwisho uliongezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, kwa kuwa kila laini iliunganishwa na kitambulisho cha taifa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Sheria inamtaka mkusanyaji awe na lengo halali na linalojulikana, na ni kosa kufichua taarifa kinyume cha lengo hilo. Kampuni ikipatikana na hatia yaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5. Mhusika ana haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara.

Hatari ya taarifa hizi haitoki kwa wafanyabiashara peke yao. Mwezi Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti, kutokana na kesi ya kazi mjini London, kwamba kampuni ya Tigo iliipa serikali taarifa za simu na mahali za mwanasiasa Tundu Lissu katika wiki zilizotangulia shambulio la risasi dhidi yake, Dodoma, tarehe 7 Septemba 2017.

Nchi nyingine

Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2018 zinataja wazi taarifa za mahali kuwa miongoni mwa vitambulishi vya mtu. Nchini Marekani, mwezi Aprili 2024, tume ya mawasiliano FCC ilitangaza faini za karibu dola milioni 200 dhidi ya AT&T, Verizon, T-Mobile na Sprint kwa kuuza taarifa za mahali za wateja bila ridhaa yao.

Kujilinda

Katika mipangilio ya simu mtumiaji anaweza kuzima huduma ya mahali, au kuiruhusu tu wakati programu inapotumika. Hatua hiyo huzuia programu kusoma GPS, lakini haizuii kumbukumbu za minara. Hizo hulindwa na sheria na uaminifu wa kampuni ya simu.