Historia ya Ufuatiliaji wa Watumiaji wa Tovuti na Programu za Simu: Nafasi ya Chaguo-msingi

1.0 Utangulizi

Mijadala ya sera kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi katika Afrika Mashariki imejikita zaidi katika dhana ya ridhaa: mtumiaji aulizwe, naye akubali au akatae. Makala haya yanadai kwamba mwelekeo wa historia ya ufuatiliaji wa watumiaji mtandaoni haukuamuliwa na ridhaa, bali na chaguo-msingi, yaani namna chombo kinavyofanya kazi mtumiaji asipogusa mpangilio wowote.

2.0 Kutoka Rekodi za Seva hadi Kidakuzi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, tovuti haikuwa na njia ya kumkumbuka mgeni wake. Seva iliandika anwani ya kompyuta, ukurasa ulioombwa na saa. Rekodi hizo zilitosha kuhesabu maombi, lakini hazikutofautisha kwa uhakika mtu na mtu, kwa kuwa watu wengi waliweza kutumia anwani moja.

Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni kidakuzi: maandishi mafupi ambayo seva huyaacha katika kivinjari na kurudishiwa kila mtumiaji anaporejea. Lengo lilikuwa kuliwezesha duka la mtandaoni kukumbuka bidhaa alizochagua mteja. Hata hivyo, ukurasa mmoja huweza kubeba picha kutoka seva nyingine. Kampuni ya matangazo yenye picha katika tovuti nyingi, kama vile DoubleClick, iliweza basi kumtambua msomaji yuleyule kila alikokwenda.

3.0 Pendekezo Lililopuuzwa

Hatari hiyo ilionekana mapema. Februari 1997 ulitolewa waraka wa kiufundi RFC 2109, ulioandikwa na David Kristol pamoja na Montulli mwenyewe. Waraka huo ulitaka vivinjari vikatae vidakuzi vya mhusika wa tatu, isipokuwa pale mtumiaji atakapoamua kuviruhusu. Vivinjari viwili vikuu vya wakati huo, cha Netscape na cha Microsoft, viliendelea kuvipokea. Juu ya uamuzi huo kulijengwa biashara nzima ya matangazo. Mwaka 2005 Google iliinunua kampuni ya Urchin na kutoa huduma ya Google Analytics bila malipo, hivyo uchambuzi wa mienendo ya wasomaji ukafika hata katika tovuti ndogo.

Sheria ilifuata nyuma. Tarehe 1 Oktoba 2019, katika shauri la Planet49, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichokwishawekewa alama si ridhaa. Mwaka 2021 kampuni ya Apple iligeuza chaguo-msingi katika simu zake: programu isimfuatilie mtumiaji katika programu na tovuti za kampuni nyingine bila kumwomba kwanza. Mwaka uliofuata, Meta ilikadiria kwamba badiliko hilo lingeipunguzia mapato kwa takribani dola bilioni 10.

4.0 Funzo kwa Afrika Mashariki

Kenya na Uganda zilipitisha sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Watumiaji wengi wa eneo hili huingia mtandaoni kwa simu, ambako ufuatiliaji hutegemea kitambulisho cha matangazo, ruhusa za programu na msimbo wa kampuni nyingine uliopachikwa ndani yake.

Mfano wa Kenya unaonesha mpaka wa ridhaa. Baadhi ya programu za mikopo zilisoma orodha ya majina katika simu ya mkopaji na kuwasumbua ndugu na marafiki zake deni lilipochelewa. Mkopaji alikuwa amebonyeza kitufe cha kukubali. Ndugu zake hawakuulizwa kamwe. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 hazikutaka ridhaa bora zaidi, bali zilikataza matumizi hayo ya orodha.

5.0 Hitimisho

Kifungu cha 41 cha sheria ya Kenya tayari kinataka ulinzi wa data uwe sehemu ya usanifu na chaguo-msingi. Makala haya yanapendekeza kwamba mamlaka za eneo hili zizipime programu zikiwa katika hali zinavyopakuliwa, kabla mtumiaji hajabonyeza chochote, na kuhoji data ipi inatoka, inakwenda kwa nani na inamhusu nani. Pendekezo la mwaka 1997 lilipuuzwa kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kulisimamia. Leo vyombo hivyo vipo.