Ultrasaundi mikononi mwa wauguzi: namna ya kuufikia mshipa usioonekana

Kwa wagonjwa wengi, kuwekewa dripu ni shughuli ya dakika chache. Muuguzi huufunga mkono kwa kamba, huupapasa mshipa kwa ncha za vidole, kisha huingiza sindano yenye mrija laini uitwao katheta. Hata hivyo, wapo ambao mishipa yao haionekani wala haipapasiki: watu wenye selimundu, wanaotibiwa saratani kwa tibakemikali, wenye unene mkubwa, waliopungukiwa sana na maji mwilini na watoto wachanga. Hao huweza kudungwa mara kadhaa bila mafanikio, huku maumivu yakizidi na dawa ikichelewa.

Kwa wagonjwa wa namna hiyo, mashine ya ultrasaundi, ambayo wengi huijua kwa uchunguzi wa wajawazito, imekuwa chombo muhimu cha muuguzi.

Inavyofanya kazi

Kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi, kiitwacho probu, hupeleka mwilini mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Mawimbi hayo hugonga tishu na kurudi, na mashine huyageuza kuwa picha. Hayatumii mionzi kama ya eksirei. Damu iliyomo ndani ya mshipa huonekana nyeusi, na tishu zinazouzunguka huonekana kwa rangi ya kijivu na nyeupe.

Jambo la kwanza ni kutofautisha vena, inayorudisha damu moyoni, na ateri, inayoitoa moyoni. Muuguzi hubonyeza ngozi polepole kwa probu. Vena hulala mara moja, kwa kuwa ukuta wake ni mwembamba na shinikizo la damu yake ni dogo; ateri hukataa kulala na huonekana ikidunda. Vena isiyolala inapobonyezwa huenda ina damu iliyoganda ndani yake, na haifai kuwekewa katheta.

Ncha ya sindano

Kuuona mshipa hakutoshi. Sharti ncha ya sindano nayo ionekane. Probu ikiwekwa kukingama na mshipa, sindano huonekana kama nukta nyeupe tu. Nukta hiyo yaweza kuwa ncha, lakini pia yaweza kuwa sehemu ya katikati ya sindano, ilhali ncha imekwisha kupenya upande wa pili. Kwa hiyo muuguzi huisogeza probu hatua kwa hatua akiifuata ncha, au huigeuza ilale sambamba na mshipa ili aione sindano kwa urefu wake. Makosa hapa yanaweza kuichoma ateri au kuujeruhi mshipa wa fahamu.

Usafi nao una uzito uleule. Jeli inayopakwa sharti iwe isiyo na vijidudu, na probu ifunikwe kwa kifuniko safi, kwani vijidudu vikifuata katheta huingia moja kwa moja kwenye damu.

Kuchagua katheta

Mishipa inayotafutwa kwa ultrasaundi mara nyingi iko ndani zaidi, juu ya kiwiko. Katheta fupi ya kawaida hutumia sehemu kubwa ya urefu wake kuufikia mshipa, na kipande kidogo tu hubaki ndani yake. Mgonjwa akikunja mkono, huchomoka, na dawa humwagika katika nyama. Ndiyo sababu huchaguliwa katheta ndefu zaidi.

Kwa matibabu ya wiki nyingi, muuguzi aliyefunzwa huweza kuingiza kupitia mkono katheta ambayo ncha yake hufika kwenye vena kubwa iliyo karibu na moyo. Mshipa unaopendelewa ni vena ya basiliki, iliyo upande wa ndani wa mkono, kwani huwa mbali kidogo na ateri. Ncha huhakikishwa kwa eksirei au kwa kipimo cha umeme wa moyo. Wenye ugonjwa sugu wa figo kwa kawaida huepushwa katheta hiyo, maana mishipa ya mikono yao huenda ikahitajika baadaye kwa kusafisha damu.

Mafunzo kwanza

Nchini Uingereza, taasisi ya miongozo ya tiba, NICE, ilipendekeza mwaka 2002 kwamba ultrasaundi itumike kuongoza uwekaji wa katheta katika vena kubwa ya shingoni. Tangu hapo matumizi yake yamepanuka hadi mishipa ya mkono, ambako wauguzi ndio watendaji wakuu. Lakini mashine peke yake haitibu. Muuguzi huhitaji kufanya mazoezi kwenye mishipa bandia, kisha kwa wagonjwa akisimamiwa na mzoefu, hadi jicho na mkono vipatane.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Anayejua kwamba mishipa yake hupatikana kwa shida na amwambie muuguzi mapema, kabla ya sindano ya kwanza, na aulize kama ultrasaundi ipo. Mshipa uliodungwa ovyo leo huenda usifae kesho.