Mashini na Kumbukumbu za Wazee

Siku hizi huko Ulaya na Marekani wazee wengi waliopungukiwa na kumbukumbu huketishwa mbele ya kompyuta, wafanye mazoezi ya akili: kutafuta picha zinazofanana, kushika maneno, kujibu upesi. Je, mashini yaweza kumrudishia mzee yale aliyoyasahau? Tutazame jambo hili lilitoka wapi.

Chanzo chake si uzee, ni vita. Katika vita ya 1914-1918 mganga Kurt Goldstein aliwatunza huko Frankfurt, Ujerumani, askari walioumizwa ubongo. Katika vita ya pili Mrusi Alexander Luria alifanya kazi ile ile kwenye milima ya Ural. Askari mmoja, aliyepigwa risasi kichwani mwaka 1943, hakuweza tena kuandika. Kila herufi ilimpotea. Wakamwambia aandike neno zima kwa mara moja, asifikiri herufi moja moja wala asiinue mkono. Mkono ukaandika! Hapo waganga walizidi kufahamu kwamba njia moja ya ubongo ikikatika, yafaa kutafuta nyingine.

Wazee walikawia kupata zamu yao. Katika mji ule ule wa Frankfurt, mwaka 1901, Alois Alzheimer alikutana na mwanamke wa miaka 51 aliyeshindwa kumaliza kuandika jina lake. Alipokufa mwaka 1906, Alzheimer aliupima ubongo wake kwa hadubini, akaona umeharibika. Basi ni ugonjwa, wala si uchawi, ingawa kwetu wako bado wanaomwita mchawi mzee aliyesahau majina ya wanawe. Lakini ugonjwa huu si kama jeraha la askari: huendelea kuula ubongo mwaka kwa mwaka. Kwa hiyo wengi walidhani hakuna la kufundisha.

Mwaka 1998 Wamarekani walianza jaribio kubwa. Wazee 2,832, wa miaka 65 na zaidi, waligawanywa makundi manne. La kwanza lilifundishwa kukumbuka, la pili kufikiri kwa utaratibu, la tatu kutambua vitu upesi kwa kompyuta, la nne halikufundishwa kitu. Masomo yalikuwa 10, kila moja zaidi kidogo ya saa. Mwaka 2002 ilionekana kwamba kila kundi lilistawi katika jambo lile lililofundishwa, basi. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba kundi la kompyuta walipata ugonjwa wa kusahau wachache kuliko kundi la nne. Habari njema, lakini tuangalie sana, watu hao hawakuwa na ugonjwa huo walipoanza.

Wafanya biashara hawakungoja. Kampuni ya Lumos Labs iliuza michezo ya kompyuta, ikidai huzuia akili isififie uzeeni. Mwaka 2016 serikali ya Marekani iliishitaki kwa kukosa ushahidi, nayo ikakubali kulipa dola milioni 2.

Na wale waliokwisha kushikwa na ugonjwa? Mwaka 2019 Linda Clare na wenzake walitoa habari za wagonjwa 475 wa Uingereza na Wales, ambao ugonjwa wao ulikuwa bado mwanzoni. Mwalimu aliwafuata nyumbani, akamwuliza mgonjwa: Wewe unataka kuweza nini tena? Kila mmoja akachagua mambo yake ya kila siku, nusu yao hivi wakayazoeza pamoja kwa miezi mitatu, jamaa wakisaidia. Kumbukumbu zao kwa jumla hazikuongezeka. Mambo waliyoyachagua waliyaweza kuliko kwanza, na miezi tisa baada ya kuanza walikuwa wakiyaweza bado.