Udongo wa Kusafishia Mafuta na Historia ya Vichocheo

Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, Kampala ya Kale, na tangu 1954 yako kando ya Barabara ya Kira, Kamwokya, katika jengo lililosanifiwa na Ernst May. Humo udongo umepewa heshima yake ya kale: vyungu na mitungi, kazi za mikono ya wafinyanzi. Kazi mashuhuri kuliko zote za udongo wa Kampala, kile kichwa kilichofukuliwa Luzira mwaka 1929, haimo. Iko British Museum, London, na jambo hilo bado linauma. Hata hivyo, kichwa hicho kingerudi kesho, habari ya udongo ingebaki nusu. Katika karne ya 20 udongo uliingia maabara na viwandani, ukabeba kemikali nyingine na kuziharakishia kazi, na bila huo historia ya petroli na ya dawa ingekuwa tofauti. Ninachodai ni hiki: mlango ambao udongo uliupitia kuingia katika kemia kubwa ulikuwa kazi ya kawaida kabisa ya kuondoa rangi kwenye mafuta, na kazi hiyohiyo ndiyo wanakemia wa Uganda wamekuwa wakiifanya kwa udongo wa hapa.

Mafuta ya pamba au ya mawese yakikamuliwa hutoka na rangi nzito na uchafu usioonekana kwa macho. Kiwanda huyachanganya na udongo laini uliochemshwa katika asidi, kisha huyachuja. Asidi hiyo hung'oa sehemu ya alumini, chuma na magnesi kutoka kwenye matabaka ya udongo, huacha vitundu vingi visivyohesabika, na huupa udongo wenyewe tabia ya asidi. Gramu moja ya udongo ulioamilishwa hivyo yaweza kuwa na eneo la ndani linalozidi mita za mraba 200. Mfaransa Eugène Houdry, aliyekuwa akitafuta njia ya kuvunja mafuta mazito ya petroli yawe mepesi, alikuta kichocheo alichokihitaji katika udongo wa aina hii, uliokuwa ukiuzwa kwa kazi ya kusafishia mafuta. Alihamia Marekani mwaka 1930, na mwaka 1937 kampuni ya Sun Oil iliwasha mtambo wake mkubwa huko Marcus Hook, Pennsylvania. Petroli bora ya ndege za vita vya pili vya dunia ilitokana kwa sehemu kubwa na njia hiyo. Bidhaa ya kusafishia ilikuwa imegeuka kichocheo.

Waliotengeneza misombo ya kaboni maabarani walichelewa kulitambua hilo. Tangu 1877, Charles Friedel na James Crafts walipoonyesha nguvu ya kloridi ya alumini ya kuunganisha molekuli za kaboni, wanakemia waliitumia kwa wingi, kisha wakaiua kwa maji baada ya kazi, wakabaki na majitaka makali ya asidi. Kuanzia karibu mwaka 1980, Pierre Laszlo na André Cornélis huko Liège, Ubelgiji, walichukua udongo wa montmoriloniti wenye jina la kibiashara K10 wakaupaka nitrati ya chuma. Wakapata kitendanishi cha kugeuza alkoholi kuwa aldehidi na ketoni, ambacho mwisho wa kazi huondolewa kwa kuchuja tu. Mwaka 1989 kundi la James Clark, Uingereza, lilionyesha jambo lenye uzito zaidi. Kloridi ya zinki peke yake ni kichocheo dhaifu katika kazi ile ya Friedel na Crafts, na K10 peke yake ni dhaifu vilevile. Ukiweka zinki juu ya udongo, kazi iliyokuwa ikisuasua hukamilika kwa dakika chache. Kwa ushahidi huo siwezi kukubali udongo uitwe trei ya kubebea. Ni kweli vipo vibebeo ambavyo kazi yao kubwa ni kutandaza tu: viwanda vya majarini vilivyofuata hataza ya Wilhelm Normann ya 1902 vilitandaza nikeli juu ya diatomiti, jiwe jepesi ambalo Kenya hulichimba Kariandusi, karibu na Gilgil. Udongo ulioamilishwa ni mshiriki.

Hapo ndipo utafiti wa Uganda unapopata uzito wake. Isaac Mukasa-Tebandeke na wenzake, akiwemo John Ssebuwufu, mwanakemia aliyeshika uongozi wa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1993, walichunguza udongo wa Kati na Mashariki mwa Uganda: madini yaliyomo, namna unavyobadilika ukichemshwa katika asidi, na jinsi unavyoondoa rangi katika mafuta ya pamba. Msomaji wa haraka ataona hapo jambo la jikoni. Mimi naona vipimo vilevile ambavyo mtafiti wa vichocheo angeanza navyo, yaani eneo la ndani, nguvu ya asidi na madini yaliyong'olewa.

Atasema mtu kwamba udongo ulikwisha kupitwa, kwa kuwa katika miaka ya 1960 zeolaiti ziliuondoa kwenye viwanda vya petroli. Ni kweli kwa petroli. Lakini kazi ya Liège na ya Clark ilikuja miaka 20 baada ya hapo, na udongo ulioamilishwa ungali unasafisha mafuta ya kula duniani kote. Pingamizi la pili ni gumu zaidi: udongo wa asili haufanani, shimo hili lina chuma kingi, lile lina mchanga, na kiwanda hakiwezi kukisia kila gunia. Nalikubali, na ndiyo sababu uchunguzi wa shimo kwa shimo una thamani. Kampuni ya Uganda Clays imechimba Kajjansi tangu 1950 kwa ajili ya vigae na matofali, na kigae husamehe tofauti ambazo kichocheo hakisamehi. Wapo pia wanaosema kwamba nchi isiyotengeneza viambato vya dawa zake haina haja na vitendanishi vya namna hii. Kiwanda cha dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi kilichofunguliwa Luzira mwaka 2007 kilianza kwa viambato vya kuagizwa, na hoja hiyo ina nguvu. Ila Houdry naye hakungoja tasnia mpya izaliwe. Alichukua gunia lililokuwepo. Hapa mahitaji ya kuanzia yapo tayari, kwa sababu mafuta ya kula husafishwa Kampala na Jinja, na mawese hulimwa Kalangala.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye viwanda hivyo vya mafuta. Wawape wanakemia mtambo mmoja wa majaribio na mapipa ya mafuta ghafi, wajaribu udongo wa Kajjansi na wa Mashariki sambamba na ule wa kuagizwa, na matokeo yachapishwe yawe mazuri au mabaya.