Watoto 65 Waliobaki na Mafindofindo Yao

Mwaka 1934 American Child Health Association, chama cha afya ya watoto cha Marekani, kilichapisha uchunguzi uliofanywa katika shule za umma za jiji la New York. Walichaguliwa watoto 1,000 wa miaka 11. Kazi yenyewe haikuwa na makuu: mtoto apanue kinywa, ulimi ukandamizwe kwa kijiti, daktari achungulie kooni na kusema kama mafindofindo yakatwe au yaachwe.

Kabla kijiti hakijatoka mfukoni, watoto 611 walikuwa wameshakatwa. Wakabaki 389. Madaktari wa shule wakawapima na kusema 174 wafanyiwe upasuaji. Wale 215 walioonekana wazima wakapelekwa kwa madaktari wengine, nao wakaona 99 wanahitaji kisu. Wakabaki 116. Kundi la tatu la madaktari likawapima hao waliokwisha kusalimika mara mbili, likataka 51. Mwishoni wakasimama watoto 65 tu ambao hakuna aliyetaka kuwakata.

Itazame tena hesabu hiyo. Kila duru, kati ya kila watoto 100 waliopimwa, 45 au karibu na hapo walionekana wagonjwa, hata pale ambapo wagonjwa wote walikuwa wameshaondolewa mstarini. Kilichokuwa kikipimwa siyo makoo ya watoto, bali mazoea ya madaktari. Daktari aliingia chumbani akijua kwamba karibu nusu ya watoto wana mafindofindo mabaya, akayatafuta, akayapata. Harry Bakwin, daktari wa watoto wa huko huko New York, alipoisimulia habari hii mwaka 1945 alitania kwamba wale 65 hawakupimwa tena kwa sababu madaktari walikuwa wamekwisha.

Mafindofindo, ambayo wengi wetu siku hizi tunayaita tonsesi, ni vinundu viwili vya nyama vilivyo kushoto na kulia kwa koo, nyuma ya ulimi. Ni sehemu ya kinga ya mwili. Siyo kimeo, kile kinachoning'inia katikati. Nalisema mapema kwa sababu tutafika kwenye kimeo.

Kuyakata ni jambo la kale. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alieleza namna ya kuyang'oa kwa kidole. Karne ya 19 Philip Syng Physick, mpasuaji wa Philadelphia, alikuja na chombo chenye kipete na wembe unaoteleza: kipete kinavishwa kwenye findo, wembe unasukumwa, basi. Kazi iliyohitaji mkono wa fundi ikawa ya dakika chache. Kisha, miaka ya 1910, daktari Frank Billings wa Chicago akaeneza fundisho kwamba usaha mdogo uliojificha kwenye meno au mafindofindo husambaza sumu hadi kwenye viungo, figo na moyo. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Mtoto akiumwa goti, kooni. Akikosa hamu ya kula, kooni. Katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, jimbo la New Jersey, daktari Henry Cotton aling'oa meno na mafindofindo ya wagonjwa wake akitumaini kuwaponya wazimu. Hawakupona.

Aliyeuliza kwa takwimu kama haya yote yana maana alikuwa Mwingereza, James Alison Glover. Mwaka 1938 alisoma mbele ya madaktari wenzake mjini London ripoti ya upasuaji huu kwa watoto wa shule. Aliweka wilaya kando ya wilaya, akakuta tofauti kubwa kupindukia. Akajaribu kuzifafanua kwa hali ya hewa, kwa msongamano wa nyumba, kwa umaskini. Hakuna kilichokubali. Kilichojitokeza ni kwamba watoto wa wenye nacho walikatwa zaidi, ingawa hakuna aliyeweza kudai kwamba makoo yao yalikuwa mabovu kuliko ya watoto wa vibarua. Kisha kuna Hornsey, kaskazini mwa London: mwaka 1928 watoto 186 walikatwa mafindofindo. Mwaka uliofuata walikuwa 12. Hapakuwa na dawa mpya wala chanjo. Alikuwa amebadilishwa daktari wa shule.

Wala upasuaji huo haukuwa mchezo. Kulikuwa na watoto waliovuja damu, na waliolazwa kwa nusukaputi wasiamke. Mwaka 1941, wakati polio ikisambaa, watoto watano wa familia moja ya Akron, Ohio, walikatwa mafindofindo pamoja. Wote watano wakapata polio ya aina inayoshambulia shina la ubongo, na watatu wakafa. Jeraha bichi la koo lilikuwa limevipa virusi njia.

Hata hivyo kisu kiliendelea. Mwaka 1959 Marekani peke yake ilifanya upasuaji kama huo wapata 1,400,000. Penisilini ilisaidia kupunguza kasi, maana sasa koo liliweza kutibiwa kwa sindano au vidonge. Lakini hesabu ndiyo iliyowaaibisha madaktari. Mwaka 1973 watafiti John Wennberg na Alan Gittelsohn walichapisha takwimu za jimbo dogo la Vermont, huko huko Marekani: katika eneo moja watu 13 kwa kila 10,000 walikatwa mafindofindo kwa mwaka, na katika jingine 151. Watu wale wale, baridi ile ile. Wennberg mwenyewe alikaa mahali ambapo shule ya wanawe ilikuwa upande wa visu vichache. Nyumba yake ingekuwa upande wa pili, hadithi ya makoo ya watoto wake huenda ingekuwa nyingine.

Swali la msingi lilikuwa bado: ukikata, mtoto anapona zaidi kuliko asiyekatwa? Majaribio kadhaa ya miaka ya 1960 yalijaribu kulijibu lakini yalikuwa na matundu mengi. Jibu linaloheshimika lilitoka Pittsburgh, Marekani, kwa daktari Jack Paradise na wenzake, walioanza kazi mwaka 1971.

Paradise alianza na jambo ambalo wengine walilipita. Alichukua watoto 65 (namba imejirudia kwa bahati tu) ambao wazazi wao walisema kooni hakuishi kuuma. Badala ya kuwapeleka chumba cha upasuaji, akawafuatilia, akisubiri koo liume ili lionwe na kuandikwa. Mwaka 1978 alitoa matokeo: 11 tu ndio waliougua mara nyingi na kwa ukali kama ilivyoelezwa. Wazazi hawakusema uongo. Mama aliyekesha na mtoto mwenye homa usiku mara tatu atakwambia, kwa haki kabisa, kwamba mtoto huyu haponi. Kumbukumbu ya uchungu huzidisha hesabu.

Kwa hiyo walipopanga jaribio kubwa, waliweka masharti. Mtoto awe ameugua koo angalau mara 7 katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Kila mara iwe imeandikwa, pamoja na dalili ya kweli: homa kali, tezi za shingo zilizovimba, usaha kwenye mafindofindo, au kipimo kilichothibitisha bakteria. Baadhi ya wazazi walikubali kura iamue nani akatwe na nani asubiri. Mwaka 1984 wakachapisha: waliokatwa waliugua mara chache zaidi kwa miaka miwili ya mwanzo. Lakini wengi wa waliosubiri nao walipungukiwa na maradhi, bila kisu.

Tangu hapo picha imezidi kupambanuka. Kwa mtoto anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, jaribio la Marekani la watoto 464, lililochapishwa mwaka 2013, lilionyesha upasuaji unamletea usingizi na tabia bora, ingawa vipimo vya umakini havikubadilika vya kutosha. Kwa watu wazima, utafiti wa hospitali 27 za Uingereza uliotoka mwaka 2023 ulihesabu siku: waliokatwa waliumwa koo siku 23 katika miaka miwili, wasiokatwa siku 30.

Sasa kimeo. Kwetu Tanzania na Kenya mtoto akikohoa kwa muda mrefu, au akitapika na kukataa ziwa, bado wapo wazee watakaosema ana kimeo, na yupo mtu mtaani anayekikata kwa wembe. Madaktari hupokea matokeo yake: damu isiyokatika, koo lililooza, pepopunda. Hakuna jaribio la kitabibu lililoonyesha kwamba kikohozi huponea hapo. Kikohozi cha mtoto mara nyingi huisha chenyewe, na aliyekata hujipatia sifa, sawasawa na daktari wa New York mwenye koti jeupe. Na kisipoisha, huenda ni nimonia au kifua kikuu, na siku zinapotea. Sioni sababu ya kumcheka mzee wa wembe na kumwacha yule wa koti jeupe.

Upande wa pili kuna hatari ya kupuuza. Koo lenye bakteria aina ya streptokoka lisipotibiwa linaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, na maradhi haya bado yanawaumiza watoto wengi Afrika Mashariki. Kwamba penisilini huyazuia lilithibitishwa mwaka 1950 kwa askari wa kituo cha Warren, Wyoming.

Basi mzazi, chukua daftari. Kila mwanao akiumwa koo andika tarehe, kama ana homa, kama kuna usaha mweupe, kama tezi za shingo zimevimba, na dawa aliyopewa. Siku ukimpeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo, nenda nalo.